Kuhesabu Hadi Kumi

Saa kumi alfajiri nawasha tanuri.
Mtaani kwetu Kutaisi mkate haulazwi juu ya chuma:
unainamia shimo la udongo, unaubandika ukutani,
nao hushika, au huanguka jivuni.
Miaka kumi na tisa mikono yangu imejua upi utashika.
Kuhusu mwanangu haikujua.

Bachana, miaka miwili na miezi minane,
ananivuta hadi kabatini, ananyoosha kidole, analia.
Nampa maziwa. Siyo. Nampa jibini. Siyo.
Anajigonga kichwa sakafuni
nami nimesimama na chupa ya asali
kama mgeni aliyekosea mlango.

Majirani hawakosi la kugawa:
"Wavulana huchelewa." "Mjomba wake alianza na mitano."
Mama mkwe anasema tulimnyoa mapema mno.
Khatuna, mke wangu, hakusema kitu;
alichagua tarehe kwenye kalenda, akaizungushia wino mwekundu.

Kwanza walimpima masikio.
Nyuma ya ngoma ya sikio la kushoto palituama maji,
kidogo tu, ya kujaza kifuniko cha kalamu,
na sauti zetu zote zilikuwa zikimfikia
kama za watu waliofunikwa blanketi.
Mara ngapi nilimwita mkaidi?

Masikio yakatibiwa. Maneno hayakuja mbio.
Ndipo tukapanda kwa Bi Tsiala,
ghorofa ya nne, lifti mbovu,
mtaalamu wa matamshi mwenye soksi zisizofanana.
Nilidhani atamfungua mdomo, atafute kasoro kama fundi saa.
Alikaa sakafuni. Akapuliza povu la sabuni.
Akafunika kichupa, akamtazama Bachana,
akanyamaza.

Kimya kile!
Nikataka kukijaza: "Sema! Mwambie shangazi! Sema!"
Akaniinulia kiganja bila kugeuka.
Alikuwa akihesabu moyoni hadi kumi.
Kwenye saba mwanangu akakutanisha midomo:
"P."
Si neno. Pumzi tu, iliyopata mlango.
Tsiala akapuliza povu kama aliyelipwa dhahabu.

Baadaye akaniambia, akifunga kamba za viatu:
"Mimi nina dakika arobaini kwa wiki. Zilizobaki ni zako.
Usimtahini. Piga magoti, uso kwa uso.
Akitazama mbwa, sema mbwa.
Siku atakaposema mbwa, wewe sema mbwa mkubwa.
Na mpe sababu ya kusema;
unamletea kila kitu kabla hajakitaka."

Huo nilikuwa nikiuita upendo.

Lugha yetu nayo ina mzaha wake:
kwetu "mama" ni baba, na aliyezaa ni "deda".
Watoto wa dunia nzima wanabwabwaja jina langu bure,
wangu tu ndiye hajalitamka.

Jumapili moja, mkate ungali moto mezani,
nikauchukua, nikautia ndani ya kiatu changu.
Nikakaa kama mtu aliyefanya jambo la kawaida.
Kijiko cha Khatuna kikabaki hewani.
Moja. Mbili. Tatu.
Bachana akatazama kiatu. Akanitazama.
Nne. Tano.
Uso ukamkunjamana kwa hasira ya mwenye nyumba.
"Ara!"

Ndiyo hapana yetu, nzima, haikukatika kokote.
Si humu? "Ara!" Niuvae kichwani? "Ara!"
Khatuna alicheka akalia, sikujua kipi kilianza.
Maishani sijakataliwa nikashukuru hivyo.

Sasa anakataa kuoga, anakataa kofia, supu, kulala.
Mama mkwe anasema tumezaa wakili.
"Puri", mkate, bado ni "pu".
Maji ni kikohozi kidogo, na simlaumu:
neno letu la maji hata wageni wazima hulikimbia.
Na jina langu, lile jepesi, la bure,
bado.

Usiku huu yuko magotini pangu, nanuka unga.
Ananishika shavu. Midomo yake inakutana.
Sisemi kitu.
Nimefika saba.